Mbegu ya Ndoo Moja

Nina fundo limenishinda meno, wenzangu. Sogeeni mnisaidie kulifungua, ingawa nawajua, mtagombana kabla sijamaliza.

Palikuwa na wanawake watatu wakilima mwani mwekundu. Kazija akitia unyayo majini, alijua yana moto kiasi gani. Mize alijua jua, lipi la kukuza na lipi la kuunguza. Raya akifikicha tawi, vidole vilimwambia kama lina ute. Mwani usio na ute ni takataka tu.

Mwaka ule joto la kaskazi lilizidi. Mwani wa kijiji kizima ukageuka mweupe, ukakatika, ukachukuliwa na maji. Zikabaki kamba tatu tu za wanawake hao, zilizofungwa mwani ungali hai.

"Maji yashakuwa chai haya," alisema Kazija. "Tuzihamishie mkondoni, kwenye kina." Wakazihamisha, na mwani ukaacha kufa.

Lakini haukukua. Kule chini kiza, ukawa mweusi, ukadumaa. Mize akafunga machupa matupu kwenye kamba ili zielee. Asubuhi aliziinua zipate mwanga, adhuhuri akazishusha zisiungue. Mwezi mzima. Mgongo ukamuuma hata akawa anaswali amekaa, lakini mwani ukachipua.

Wenzake wakapiga vigelegele. Raya akafikicha tawi, akalia.

"Mrefu, lakini mwingi wake maji matupu."

Akachambua tawi kwa tawi kwa siku tatu. Matawi yenye ute, ndiyo mbegu ya kupanda, yakajaa ndoo moja, basi.

Ukiigawa kwa watatu, samaki wataimaliza kabla haijashika. Mtasema walime pamoja. Shamba la ndoo moja halilishi nyumba tatu, jamani, na zote tatu zina watoto.

"Bila unyayo wangu mngekuwa mnachota uji wa mwani uliooza," alisema Kazija.

"Na bila mgongo wangu mwani ungedumaa kizani," akajibu Mize.

"Mngepanda takataka nyote wawili," alisema Raya.

Hakuna aliyesema uongo, na hilo ndilo linaloniuma.

Kazija akashuka mkondoni, akatia unyayo. Akautoa polepole.

"Vipi, shoga?" aliuliza Mize.

"Na huku kushapata moto."

Sitawadanganya kwamba mbegu ile itaishi. Sidhani. Lakini ndoo ipo mchangani, jua linapanda, na lazima mmoja aibebe, wawili warudi mikono mitupu.

Je, wewe ungempa nani?