Dada Aliyengoja Toleo Imara

Ndugu zangu, habari ninayowaletea asubuhi hii imenisumbua wiki nzima. Nimeigeuza huku, nimeigeuza kule, na bado sina hakika kama nimeielewa. Nitawasimulia hivyo hivyo, tusaidiane.

Kulikuwa na dada mmoja, mwandishi wa programu za kompyuta. Tumwite Nkwimba. Alimaliza masomo, akarudi kwao Usukumani, akakuta zahanati ya kijiji inaandika habari za wajawazito kwenye daftari. Daftari likijaa linaanzwa jingine, la zamani linatupwa kabatini. Muuguzi wa pale, Sista Leokadia, akamwambia, "Mwanangu, nitengenezee kitu. Nikifika asubuhi kinionyeshe ni mama gani alitakiwa kurudi na hajarudi. Hicho tu."

"Hicho tu, Sista? Nipe miezi mitatu."

Sasa, wazee wangu, mwandishi wa programu hatengenezi kila kitu mwenyewe, kama seremala asivyojifulia msumeno. Kuna zana ambazo watu wa nchi mbalimbali huziandika kwa kujitolea, wakaziweka wazi mtandaoni. Yeyote anachukua bure, anafungua na kuona ndani, hata kurekebisha anaruhusiwa. Zinaitwa zana huria. Nkwimba akapata moja iliyomfaa kabisa, ila ilikuwa bado toleo la majaribio. Toleo imara, wenyewe waliandika, lingetoka mwezi wa tano.

Akaijaribu na majina ya daftarini. Kabula, ikapokea. Sayi, ikapokea. Milembe, ikapokea. Akaandika Ng'wasi. Zana ikazima. Akawasha, akarudia, ikazima tena. Ile alama ndogo tunayoiweka juu baada ya "ng" ilikuwa inaishinda. Nkwimba akasema, "Kumbe bado. Acha ningoje toleo imara." Akafunga kompyuta.

Alikosea? Msijibu haraka. Maana juu ya ukurasa wao, wale watu walikuwa wameandika: tafadhali, lijaribuni toleo hili. Na chini yake wakaandika: msilitumie kwa kazi inayogusa uhai wa watu. Wewe ungefuata lipi? Nkwimba alisoma la juu akasoma la chini, akarudi juu. Hakuelewa anaambiwa nini.

Mwezi wa tano ukafika. Tangazo likasema, mwezi wa nane. Mwezi wa nane likasema, tunaomba uvumilivu, mwezi wa kumi na moja.

"Nkwimba, kitu changu?" Sista akauliza.

"Bado, Sista. Wanaimarisha."

"Akina nani hao?"

"Siwajui."

"Wao wanakujua?"

"Hapana."

Sista Leokadia akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mwanangu, mimi sielewi."

"Hata mimi, Sista. Sielewi."

Lakini aliomba, jamani! Aliomba Mungu ampe subira. Kila jioni alifungua ule ukurasa kuangalia, na kila jioni alijiambia subira ni tunda jema. Nani kati yetu angemkemea?

Mwezi wa tisa kulikuwa na mama mmoja, Minza, mwenye mimba ya miezi saba. Alipimwa presha, ikakutwa juu, akaambiwa arudi baada ya wiki. Hakurudi. Jina lake lilikuwa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lililojaa, na asubuhi iliyofuata daftari jipya likaanzwa. Hakuna aliyegundua. Siku ya kumi na tisa tangu apimwe, Minza aliletwa zahanati kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akitetemeka kwa kifafa cha mimba. Alikimbizwa hospitali ya wilaya. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Je, programu ingemwokoa yule mtoto? Sijui. Pengine Sista angeliona jina na bado asipate mtu wa kumtuma. Nkwimba naye hakujua, na kutokujua huko ndiko kulikomnyima usingizi.

Basi, mwezi wa kumi na moja toleo imara likatoka. Nkwimba akalipakua. Kabula, likapokea. Ng'wasi, likazima.

Alikaa akiitazama ile kompyuta kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine. Kisha hasira zikampanda, akawaandikia: "Miezi tisa nawangoja! Mnaliita hili imara? Haliwezi hata kuandika majina ya kwetu!"

Majibu yakaja kesho yake. "Dada, tusamehe. Ndiyo mara ya kwanza tunasikia jambo hili. Huku kwetu hakuna jina lenye alama hiyo mahali hapo. Tumelirekebisha, imetuchukua dakika ishirini. Tunaomba utuambie, wewe uliliona lini kwa mara ya kwanza?"

Dakika ishirini, ndugu zangu.

Nkwimba alienda zahanati na ule ujumbe, akamsomea Sista. Sista akauliza, "Ulipoliona, uliwaambia?"

"Sikuwaambia."

"Kwa nini?"

"Nilidhani wataliona wenyewe."

"Mwanangu, huko waliko wangemwona wapi Ng'wasi?"

Nkwimba akalia. Kisha, mbele ya Sista, akaandika jibu lake, neno moja: "Februari."

Mtaniuliza, Mchungaji, kwa hiyo kungoja ni dhambi? Hapana. Au, sijui, si kila kungoja. Naona kuna kungoja ambako mtu amekwisha fanya la kwake, na kuna kungoja ambako mtu amekaa juu ya neno ambalo ni yeye peke yake anaweza kulisema. Kwa nje vinafanana. Vyote viwili vinaitwa subira, na hapo ndipo tunapochanganyikiwa. Sisi tumeona nyumba ya jirani inavunjika, tukasema wazee wataona. Tumeona kijana wa kwaya anaanza kunuka pombe, tukasema uongozi utaona. Utaonaje, kama aliyeona ni wewe?

Nami nisiwatolee macho ninyi tu. Tangu mwaka jana ngazi za kanisa hili zimemshinda Mama Holo. Jumapili zote hizi anasikiliza ibada akiwa nje, kwenye ndoo aliyoigeuza chini, karibu na dirisha hili la kushoto. Nimemwona. Sijasema kitu kwa mtu yeyote, kwa sababu nilikuwa nangoja tujenge kanisa jipya.

Yuko pale nje sasa hivi, ananisikia. Shikamoo, Mama Holo. Nisamehe.

Wanaume wawili wasimame, tuongozane, tumbebe aingie. Wimbo utasubiri.