Pimbi Apeleka Malalamiko kwa Bi Tembo

Hapo zamani sana, wanangu, wanyama walipokuwa wakiajiriwa kama sisi, Bi Tembo alikuwa na tanuri la matofali. Mwenyewe aliishi ng'ambo ya mto, kwa hiyo kazi yote alimwachia msimamizi wake, Bwana Kifaru.

Lo, huyo Kifaru! Saa ya chakula ikifika tu, anatanguliza pembe: "Leteni makande hapa!" Fyaku, fyaku, fyaku! Sufuria tupu. Wafanyakazi wanabaki kumeza mate.

Siku moja Digidigi, aliyekuwa mjamzito, akaanguka na matofali kichwani. Pu! Ni njaa hiyo. Rafiki yake Pimbi, kajitu kadogo kama kiatu, akampepea huku machozi yakimlengalenga. Kisha akainuka, akaenda moja kwa moja kwa Kifaru.

"Bwana msimamizi, nina malalamiko."

"Juu ya nani?"

"Juu yako."

"Ahaa! Bi Tembo ameagiza malalamiko yote yapitie kwangu. Haya, yamenifikia, nimeyatupa. Kazini!"

Pimbi akaondoka. Lakini hasira ilimchoma, na akili ikaanza kuzunguka.

Asubuhi ambayo Bi Tembo alitarajiwa kuja kukagua kazi, Pimbi alimsogelea Kifaru kwa adabu zote.

"Shikamoo, bosi. Umesikia wanavyosema? Eti Nyati wa tanuri la jirani ni mkali kuliko wewe. Amemnyang'anya mfanyakazi chakula!"

"Mmoja tu?" Kifaru akafoka. "Mimi nakula cha wote!"

"Ndivyo nilivyowaambia, wakanicheka! Laiti Bi Tembo angejua ana msimamizi wa namna gani. Ila nikisema mimi, nani ataniamini?"

"Nitasema mwenyewe!"

Tindi! Tindi! Tindi! Bi Tembo huyo. Hata hajaketi, Kifaru akatunisha kifua.

"Mama, hapa wananiogopa! Makande yao nakula mimi, sufuria nzima. Yule Digidigi alianguka kwa njaa, nikamwambia ainuke abebe! Nyati anaweza hayo?"

Masikio ya Bi Tembo yakaacha kupepea.

"Ni kweli?" akawauliza wafanyakazi.

"Kweli, mama!" wakaitikia wote.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tuliambiwa tupitie kwa msimamizi," Pimbi akajibu, "nasi tumepitia kwake."

Bi Tembo akacheka mpaka mkonga ukalia kama baragumu, prrruuu! Kisha akamgeukia Kifaru, na kicheko kikakatika.

"Usimamizi umekwisha. Beba matofali."

Mchana ule Digidigi alikaa kivulini na bakuli lililojaa. Pimbi akaketi kando yake, wakala taratibu, wakitazama pembe ya Kifaru ikipita juani na mzigo.

Basi, wanangu, mkubwa akiwaonea msinyamaze. Tumieni akili mpaka msikike.