Wajina Asiyetumwa

Tulieni kidogo, wanangu, na huyo mtoto mpeni ziwa anyamaze, niwaambie habari ya mwanamke mmoja.

Mwanamke huyu alikuwa na dada yake, mtoto wa mama yake mkubwa. Nyie wa siku hizi mnasema binamu. Mama mzazi alipokufa huyu bado anatambaa, yule dada ndiye aliyehamia pale akamlea. Alimlisha uji kwa kidole, akamfunga mgongoni akaenda naye shamba. Yule dada alipokuwa mtu mzima ikawa ndiyo kazi yake: akiona nyumba ya mtu haitoi moshi asubuhi, anakwenda kupiga hodi. Basi akaugua, akafa. Watu hufa.

Mdogo mtu akajifungua mtoto wa kike, akampa jina la marehemu. Mpaka hapo kuna ubaya? Hakuna. Lakini akawa hawezi kumtuma. Kila akitaka kumwambia kachote maji, anaona kama anamtuma dada yake. Mtoto akawekewa kigoda, akawa anapakuliwa wa kwanza. Majirani wakamuuliza huyo ni mwanawe au mkwewe. Hakuwajali. Alisema ndivyo anavyomkumbuka mwenzake.

Mtoto alipofika miaka kumi, mama mkubwa, yule aliyemzaa marehemu, akaja na kifurushi chake. Kazeeka, hana mtu. Akasema siku zake zilizobaki atazimalizia kwa wajina wa mwanawe.

Siku moja mwanamke akaenda shamba, bibi kabaki na homa. Anarudi jua la utosini, anamkuta bibi midomo imepasuka kwa kiu, na mtoto kakaa mlangoni anatafuna muwa.

“Bibi hakuita?”

“Kaita. Nikamwambia mama akirudi atakupa.”

Mwanamke akachota maji mwenyewe, akamnywesha. Akamwomba radhi mama yake mkubwa, asimhesabie mtoto kosa, huyu ni wajina wa dada, na yeye dada atamtumaje?

Bibi akanywa mpaka akamaliza. Akasema, “Yule mwanangu mimi nilikuwa namtuma. Hata kwako nilimtuma. Siku ile alilia njia nzima, hataki kulea mtoto wa mtu. Nikamfuata nyuma na fimbo mpaka mlangoni kwenu.”

Mwanamke alikuwa hajui. Miaka yote ile, hajui. Akamwita mwanawe kwa jina, akamtuma kuni. Mtoto akamtazama kama anamtazama mgeni. Akaondoka amenuna, lakini akaenda.

Sasa niwaulize. Marehemu alikumbukwa lini hasa, siku za kigoda au siku ile ya kuni?

Sisi tumebatizwa, jina la Bwana tunalo, wengine tumeliandika mpaka kwenye kanga. Mwenye jina akitutuma kwa mgonjwa, tunasema mchungaji yupo, atakwenda. Hatusemi hivyo? Na mnajitetea kwamba moyo bado haujapenda, ukipenda mtakwenda. Yule dada hakwenda kwa kupenda. Alikwenda analia, na kupenda kukamkutia huko huko, mtoto akiwa mgongoni.

Kwa hiyo wewe usiyejisikia kwenda, sikuombi utabasamu. Nenda hivyo hivyo, umenuna.