Mamba Aliyekula Matanga Yake

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na ziwa!

— Tupeleke, lakini turudi!

Basi palikuwa na ziwa, na ziwa lilikuwa na raha zake. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji, wanyama walishuka kuoga na kusuguana migongo. Jua likipanda, wengine walizamisha matenga kuvua furu, wengine walikata mafunjo ya kusukia mikeka. Alasiri palikuwa na ngoma mchangani, ndi-ndi-ndi, na kila baada ya mavuno palikuwa na mashindano ya mitumbwi. Siku hiyo hata wanyama wa milimani walishuka kutazama, na viazi vyao vya kuchoma mkononi.

Raha tupu. Ila wakishuka kuoga, waliingia wote, wakatoka wote, kasoro mmoja. Wakishuka kuvua, waliingia wote, wakatoka wote, kasoro mmoja. Hapakuwa na kelele wala damu. Ilisikika tu chubwi!, ndogo, kama jiwe la mtoto, kisha maji yakajifunga, yakawa laini kama uso wa mtu aliyelala.

Kila mmoja alijua ni Mamba. Na kwa kuwa kila mmoja alijua, hakuna aliyesema. Kiboko, mwenyekiti wa ufukwe, aliliita jambo hilo mchango.

"Ziwa lina wenyewe," alisema, akikohoa. "Bila mchango, raha zitatoka wapi?"

Wanyama wakapiga makofi, huku wakitazamana pembeni kuona nani amenona.

Nguchiro hakupiga makofi, lakini naye hakusema kitu. Alikuwa mdogo, mjane, mwenye binti mmoja tu, Nyangeta. Na mdogo mwenye mtoto mmoja hujifunza kunyamaza.

Asubuhi moja alikuwa ufukweni akisugua sufuria kwa mchanga, akasikia anaitwa.

"Mama Nyangeta."

Akanyamaza. Ukiitwa kutoka majini, huitiki mara ya kwanza.

"Mama Nyangeta wee."

Ukungu ukafunguka kidogo. Akaona macho mawili yanaelea, hayana mwili.

"Abee, Mzee."

"Nasikia binti yako anaingia mashindano kesho kutwa."

"Anajaribu tu, Mzee."

"Nimemtazama akijifunza. Anapiga kafi kama anakoroga uji. Atakuwa wa mwisho." Macho yakafumba, yakafumbua. "Na wa mwisho ni wangu. Nimekuja kukuarifu mapema. Mimi si mshenzi."

"Ahsante, Mzee."

"Haya. Na umpake mafuta. Wiki hii koo linanikwaruza."

Chubwi! Ukungu ukajifunga.

Nguchiro alibaki na sufuria mkononi. Kumzuia mtoto asishindane kusingefaa kitu. Angechukuliwa akioga, au akichota maji, au akinawa miguu. Mamba akishataja jina, limetajwa. Kupigana naye? Nguchiro alijitazama, akaona hatoshi hata kuwa kitafunio.

Sasa, wenyeji wa ziwa lile walikuwa na desturi yao. Mtu akipotelea majini na mwili usionekane, huchumwa tunda la mwegea, lile refu, zito, linaloning'inia mtini kama mguu. Huviringishwa mkekani, huliliwa, huzikwa. Tunda likishafukiwa, mtu yule amekufa. Hata akirudi amelowa na anacheka, hajibiwi salamu, hapewi hata maji ya kunywa. Na kila aliyetupa udongo kaburini na akala chakula cha matanga, amekiri kwa mkono na kwa tumbo kwamba marehemu ni marehemu.

Nguchiro akaenda kwenye mwegea. Akapanda, akatafuna kikonyo, tunda likaanguka: pu! Akalivuta hadi uani, akaliviringisha mkekani, akaweka mikono kichwani.

"Uwiii! Uwiii! Mzee ametutoka!"

Wakaja mbio. Korongo akafika wa kwanza, maana ana miguu.

"Nani tena, jirani?"

"Mamba."

"Mamba! Si nimemwona leo?"

"Umemwona wapi?"

"Majini."

"Anafanya nini?"

"Hafanyi kitu. Anaelea tu, kimya."

"Sasa wewe, Korongo, uliyesoma. Kitu kinachoelea majini kimya, kinaitwaje?"

Korongo akafikiri, akafikiri. "Ewe Mola," akasema, akaanza kulia.

Kiboko akafika anahema. "Nani amethibitisha jambo hili? Mimi sijaarifiwa."

"Tulikuwa tunakusubiri wewe, mwenyekiti. Nani mwingine atasoma wasifu?"

Kiboko hakuwahi kukataa kusoma wasifu wa mtu. Akasafisha koo.

Msidhani walidanganyika. Wanyama wale walikuwa wamezoea kutojua mambo wanayoyajua. Siku ile ilikuwa kazi ileile, imegeuzwa upande tu.

Kesho yake adhuhuri wakazika. Upepo ulikuwa umekufa, na ziwa limetulia kama mafuta. Ngoma ilipigwa taratibu, ndi… ndi… ndi… Kiboko akasema marehemu alikuwa karibu sana na watu. Wajane wa waliochukuliwa majini wakaitikia, "Sana." Nguchiro alikuwa jikoni, ameinjika sufuria kubwa ya dagaa wa nazi na ugali wa muhogo, na kila mvuke ulipopanda aliupepea uelekee majini.

Maji yakapasuka. Mamba akatoka.

Ngoma haikusimama. Ndi… ndi…

"Kuna nini hapa?" akauliza Mamba.

"Msiba, Mzee," akasema Nguchiro, macho chini.

"Poleni. Chakula kiko wapi?"

"Wanaotupa udongo ndio wanaoanza kupakuliwa."

Mamba akaenda mpaka shimoni, akakwangua donge la udongo, akalitupa. Bu! juu ya mkeka. Akakwangua la pili ili apakuliwe mara mbili. Bu! Kisha akakaa mbele ya sufuria.

Akapewa ugali, kwapu! Akapewa dagaa, kwapu! Akapewa ukoko, kwapu! Alikula mpaka sufuria ikalia, na wote wakamtazama. Alipokwisha akajifuta mdomo kwa mkono.

"Pilipili imezidi kidogo," akasema. "Halafu, hivi marehemu ni nani?"

Ngoma ikakoma.

"Ni Mamba," akasema Nguchiro.

Mamba akacheka, meno yote nje. Alicheka peke yake. Alipomaliza kucheka, Korongo akamwambia Kobe, "Umesikia? Kuna upepo unatoka ziwani."

"Upepo gani? Mimi niko hapa!"

"Baridi," akasema Kobe, akaingiza kichwa ndani.

"Kiboko! Mwenyekiti! Waambie!"

Kiboko akamtazama. Hakumtazama usoni, alimtazama mahali alipokuwa amesimama, vile mtu anavyotazama kiti cha marehemu. Kisha akainama, akaokota kofia yake, akaenda zake.

Mamba akateremka ziwani ajione kwenye maji. Lakini magugumaji yalikuwa yamesogea yakafunika ufukwe wote, kijani kitupu, na Nguchiro hakuwa ameyaita. Mamba akaasama, kama alivyoasama kila siku, kile kindege kije kimchokonoe nyama menoni. Akangoja. Kindege kikapita juu yake, kikatua kwenye jiwe.

Alasiri ile alipita nyumba kwa nyumba.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi jamani."

Mle ndani mtu akafunika chungu.

Siku ya mashindano ikafika. Nguchiro alimpaka binti yake mafuta, kwa sababu zake, si zile za Mamba, akamwambia, "Ukimwona, mwombee. Usimjibu. Mwombee."

"Na akifungua mdomo, mama?"

"Hasa akifungua mdomo."

Mitumbwi ikasukumwa. Chwa-chwa-chwa! Wa milimani wakashangilia. Nyangeta akapiga kafi kama anakoroga uji, na kweli akabaki nyuma, nyuma kabisa, mpaka wenzake wote wakawa wameshafika nchi kavu na yeye yuko peke yake katikati. Kelele zikafa moja moja. Nguchiro aliingia majini hadi kifuani bila kujua kwamba ameingia.

Kando ya mtumbwi, macho mawili yakapanda. Kisha pua. Kisha mdomo, ukafunguka, mrefu kama mlango wa ghala. Pale ufukweni walisikia harufu yake.

Kafi la Nyangeta likasimama. Halafu sauti yake ikaja juu ya maji, nyembamba, ya msichana aliyefunzwa adabu:

"Mungu amlaze Mzee Mamba mahali pema."

Na Mamba, ambaye alikuwa mtu mzima aliyekwenda misiba mingi kwa ajili ya chakula, akajibu kabla hajajizuia:

"Amina."

Akajisikia alivyosema. Mdomo ukabaki wazi, lakini haukuwa tena na la kufanya. Ukafumba polepole. Akazama, na safari hii hapakuwa na chubwi. Hapakuwa na sauti yoyote.

Nyangeta akaanza tena, chwa… chwa… mpaka mama yake akaushika ule mtumbwi kwa mikono miwili, akawa hauachii. Waliingia wote, wakatoka wote.

Kuanzia hapo, Mamba hakumgusa mtu. Kila adhuhuri alionekana amelala juu ya lile kaburi, ameegemeza kidevu kwenye udongo, na wanyama wakapita mbali.

Siku moja Nguchiro alipita karibu. Mvua ilikuwa imetoka kukatika, na Mamba ndio kwanza amepanda kutoka ziwani.

"Mama Nyangeta," Mamba akasema, taratibu. "Humu ndani kuna nani?"

Nguchiro alimwonea huruma. Ni tunda tu, Mzee. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Ila kabla hayajatoka akatazama mchanga. Ulikuwa umelowa, laini, na nyayo zake ndogo zimechapika nyuma yake moja baada ya nyingine. Kutoka ziwani mpaka kaburini hapakuwa na unyayo mwingine. Hapakuwa na alama ya mkia.

Nguchiro alijua kwamba ule wote ulikuwa uwongo, maana aliutunga mwenyewe. Akatazama mchanga tena.

Akainama, akaokota udongo kidogo, akautupa juu ya kaburi, akarudi nyumbani kinyumenyume.

Hapo nimeifunga kamba. Aliyesikia amesikia, aliyesinzia ataota.

Na funzo, maana najua hamlali bila funzo: ukifika msibani, usiulize nani amekufa. Kula kwanza; kuulizauliza mbele ya chakula ni kukosa adabu. Na uwongo ni mbaya sana, wanangu, msiuseme kabisa. Mwachieni mwenyekiti.