Punda Aliyewabeba Wenziwe Mlimani

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na mlima, na wa kuupanda!

Basi hapo kale, kale sana, Punda aliishi nyikani na mama yake. Kikaja kiangazi kisichokwisha. Mwaka wa kwanza majani yakakauka. Mwaka wa pili visima vikakauka. Mwaka wa tatu mama akalala chini, hawezi kusimama.

Wakasikia kwamba huko juu, katikati ya vilele vya theluji, kuna bonde la mviringo kama bakuli, na majani yake hayakauki.

"Nenda, mwanangu," mama akasema. "Ukiijua njia, rudi unibebe."

"Nitarudi, mama. Mgongo huu ni wako."

Punda akashika njia. Hajafika mbali, akakutana na Nyani na Mbuzi, akawaeleza habari za mama yake.

"Njia naijua mimi," Nyani akasema. "Nibebe, nikuonyeshe."

"Nami kwato zinaniuma," Mbuzi akasema. "Nibebe, dada. Tukifika, tutashuka nawe sote tumlete mama yako."

Punda akafurahi. Mmoja peke yake atambebaje mgonjwa? Akawapakia mgongoni.

Wakavuka nyika, mawe yanachoma kama chungu jikoni. Mwisho wa nyika Punda akasema, "Jamani, mama ananingoja."

"Bado kidogo, dada," Nyani akajibu. "Tufikishe kwanza."

Wakaingia msituni. Matope mpaka magotini, ruba wanamfyonza miguu. Mwisho wa msitu Punda akasema, "Jamani, mama ananingoja."

"Bado kidogo, dada. Tufikishe kwanza."

Wakatokea kwenye mawe matupu. Upepo unakata masikio, pumzi haitoshi, kwato zinavuja damu. Punda akasema tena, "Jamani, mama ananingoja."

Nyani akasema yale yale. Mbuzi alikuwa akikoroma mgongoni.

Wakafika. Lo! Bonde la kijani, maji ya theluji yanateremka pande zote, majani yanagusa tumbo. Nyani akaruka. Mbuzi akaruka. Wakaanza kula.

"Haya, twendeni tukamchukue mama," Punda akasema.

Mbuzi akainua kichwa, mdomo umejaa. "Mama nani?"

"Mama yangu! Si mliahidi?"

"Mama yako, dada, si mama yetu," Nyani akasema. "Mlima wote ule tena? Kwa miguu ya nani?"

Punda aling'oa majani kwa meno, kinywa tele, asimeze hata jani moja, akageuka. Akashuka mawe akichechemea. Akashuka msitu akianguka na kuinuka. Akavuka nyika.

Alimkuta mama amelala vile vile, uso umeelekea mlimani. Nzi walikuwa wamemtangulia kufika.

Punda akayaweka majani karibu na mdomo wa mama yake. Akasimama pale siku tatu, asile, asilie.

Najua mnangoja niseme Nyani na Mbuzi walifunikwa na theluji. La, wanangu. Walinenepa, wakazaa, na wajukuu wao wanakula bondeni mpaka leo.

Basi jifunzeni: usimalize nguvu zako kwa wa njiani, na wa nyumbani anakufa akikungoja. Ahadi ya aliye mgongoni hudumu mpaka atakaposhuka.

Ngano yangu imekomea hapo. Palipo patamu chukueni ninyi. Pachungu niachieni mimi.