Hodi za Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, tena kale ile ambayo Fisi alikuwa bado anavaa kanzu na kujiita dalali, palikuwa na mbuga yenye vichuguu kumi. Kila kichuguu kilikuwa nyumba: chumba ndani, mlango mbele, na kimlango kidogo cha uani. Na vyote kumi vilikuwa vya Nyati.

Msicheke, watoto! Najua Nyati haingii kichuguuni hata pua. Lakini alikuwa na pembe, akasema ni vyake, na nani angebisha?

Sasa, Bi Nguchiro alikuwa mja mzito, na mawingu ya masika yalishaanza kujikusanya. Mwaka uliopita mvua ilimkuta chini ya kichaka, maji yakamsombea watoto wake wawili. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Mwaka huu aliapa: “Wanangu watazaliwa chini ya dari!”

Akaenda kwa Fisi.

“Hodi, Bwana Dalali!”

“Karibu, bibie! Karibu, mteja! Lo, umechelewa. Nyumba zimekwisha. Imebaki moja tu, na Digidigi ametoa mafurushi matano ya majani mabichi.”

“Jana si ulisema mawili?”

“Jana ni jana! Hata hivyo Nungunungu ameshapanda mpaka saba. Wewe unatoa ngapi? Na usisahau kilemba changu.”

Mnakijua kilemba cha dalali? Si kile cha kichwani. Ni kile unachompa ili akuoneshe mlango, kisha unalipia nyumba yenyewe mbali.

Bi Nguchiro akatoka. Njiani akapita kichuguu cha kwanza. Buibui ametanda mlangoni. Akapita cha pili: hakuna nyayo wala moshi. Cha tatu, majani yameota mpaka kizingitini. Akarudi mbio.

“Bwana Dalali, mbona nyumba tatu zile ziko tupu?”

“Tupu? Mwe! Zina watu, bibie. Wapangaji wangu ni watulivu tu, hawapendi kutokatoka.”

Bi Nguchiro akawatafuta Digidigi na Nungunungu, akawakuta wamejikunyata kwenye majani.

“Nungunungu, ni kweli umetoa mafurushi saba?”

“Mimi? Saba nitayatoa wapi? Niliambiwa Digidigi ametoa manane!”

“Mimi!” Digidigi akaruka. “Mimi sina hata moja!”

Hapo Bi Nguchiro akacheka, lakini cheko la hasira. “Kumbe tunashindanishwa na hewa! Fungeni mizigo yenu. Kesho tunahamia.”

Lazima niwaambie ada ya mbuga ile. Mgeni akija na mizigo, akabisha hodi, mwenyewe akajibu “karibu”, basi amepokewa, na hafukuzwi mpaka masika yaishe. Na nyumba ikibishwa hodi tatu ikanyamaza, hilo ni gofu, na gofu halina kodi. Aingie atakaye.

Basi Bi Nguchiro akaenda kisimani, akatangaza kwa sauti kubwa: “Jamani! Kesho asubuhi nitawapigia hodi wale wapangaji watulivu. Njooni mshuhudie!”

Fisi aliposikia, jasho likamtoka. Nyati akamwambia, “Unaogopa nini? Pita uani, jifiche ndani, uitikie. Utakuwa wewe ndiye mpangaji.”

Asubuhi mbuga nzima ikajaa mbele ya kichuguu cha kwanza. Digidigi amejitwika mzigo wake kichwani.

“Hodi!” akaita Bi Nguchiro.

Fisi mle ndani akababaika. Akajibu kwa kisauti chembamba: “Hatumo!”

Kha! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

“Mmesikia wenyewe,” akasema Bi Nguchiro. “Hawamo. Ingia, Digidigi!” Digidigi huyoo, puu, akatua mzigo. Fisi akachomoka uani, kanzu imejaa vumbi.

“Mpumbavu!” Nyati akamnong'oneza nyuma ya kichuguu cha pili. “Funga domo lako!”

Fisi akaingia, akafunga domo. Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Gofu! Nungunungu akaingia miiba ikikwaruza kuta, kwaru kwaru kwaru, na Fisi akatoka uani akiruka, amechomwa matakoni.

Nyati akakuna kichwa. Akafikiri, jambo ambalo hakulizoea. “Sasa nimeelewa. Ukinyamaza, tumekwisha. Ukisema karibu, tumekwisha. Basi jibu ‘ngoja’. Kila hodi, wewe ‘ngoja’ tu, mpaka wachoke.”

Kichuguu cha tatu. Upepo wa mvua ulianza kuvuma, na tumbo la Bi Nguchiro likaanza kumkata. Aliogopa sana. Lakini hakurudi nyuma hata hatua moja.

“Hodi!”

“Ngoja!” akajibu Fisi.

“Hodi!”

“Ngoja kwanza!”

Jua likasogea. Watu wakaanza kunung'unika. Bi Nguchiro akamgeukia Nyati, akapiga goti kwa adabu.

“Mzee wangu, naona leo nimeshindwa. Lakini naomba ukae hapo mlangoni, uuzibe vizuri, nisije nikaingizwa na shetani.”

“Hilo la maana,” akasema Nyati. Akakaa. Makalio yake yakaziba mlango kabisa, mle ndani kukawa giza tupu.

“Ila namwonea huruma huyo mpangaji wako,” Bi Nguchiro akaendelea. “Ana sauti kama ya dalali, na dalali hushinda akisema karibu mteja, karibu mteja. Hodi ya tatu ulimi si utamteleza?”

Nyati akashtuka. Akageuza shingo, akanguruma kwa nguvu zake zote: “We Fisi! Usijibu karibu!”

Lakini kupita kwenye mafuta yote yale ya makalio, sauti ilimfikia Fisi nusunusu: “…jibu karibu!”

“Hodi!” akaita Bi Nguchiro.

“KARIBUUU!” Fisi akapaza, mtiifu kwa tajiri wake. “Karibu sana, pita ndani!”

Mara vigelegele!

“Kumbe ndani yumo Fisi!” wakapiga kelele wapangaji wa vile vichuguu saba vingine. “Kumbe nyumba zilikuwa tupu, na sisi tunapandishiwa kodi kila mwezi kwa kuambiwa hazipo! Mzee Nyati, kuanzia leo ni furushi moja. Hutaki, tunatoka wote na kubisha hodi tatu tatu, zote ziwe magofu!”

Nyati akatazama huku, akatazama kule. Wote walikuwa wamesimama, hata Digidigi. Akasema polepole, “Furushi moja. Sawa.”

Bi Nguchiro hakungoja kusikia. Alishapita uani na kafurushi kake ka manyoya, akamsukuma Fisi pembeni, akalala. Mvua ikamwagika, mwaa! Na chini ya dari kavu wakazaliwa watoto wanne, wote wazima, wote wakilia.

Hadithi yangu naitua hapa, watoto, mwenye mgongo mpana aibebe: anayeficha nyumba ili wenzake wagombee mlango, siku moja kinywa chake mwenyewe kitaufungua.