Mama Pimbi na Jiwe la Mlangoni

Sogeeni, sogeeni.

Tumesogea.

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo, mawili mawili.

Basi yategeni vizuri, hadithi inapiga hodi.

Hapo kale, wanyama wote walipokuwa wakisemezana lugha moja, aliishi Mama Pimbi. Alikuwa mnyama mdogo, mnene mnene, hana mkia, na nyumba yake ilikuwa pango kwenye mteremko wa mlima wa mawe. Alikuwa na watoto watano, na wote watano walikuwa na kelele.

Siku moja, mvua kubwa ilipokatika, Mama Pimbi akatoka kutafuta majani. Huku nyuma udongo ukalegea, jiwe likaporomoka kutoka juu, gudu, gudu, gudu, likaja kukaa mlangoni pake. Jiwe lenyewe kubwa kama tembo, limeviringana kama yai, limetulia kwenye kishimo kana kwamba limealikwa.

Mama Pimbi aliporudi hakuona mlango. Aliona ufa mwembamba tu pembeni, wa kupitisha sauti, si kichwa.

"Wanangu, mpo?"

"Tupo, mama. Lakini maji yanaingia humu. Yametufika vidoleni."

Akatazama juu, akaona wingu jingine jeusi kileleni. Akatazama chini, akaona mwamba mtupu, hakuna pa kuchimba. Akapaza sauti kuomba msaada.

Akaja Tembo. "Nini, Mama Pimbi?"

"Jiwe, Bwana Tembo. Watoto wangu wamo ndani."

Tembo akaweka paji la uso, akasukuma mara moja kwa nguvu zake zote. Jiwe likainama kidogo, likarudi pale pale. Tembo akahema. "Mama, hili si jiwe, hili ni mlima. Pole sana." Akaenda zake kunywa maji.

Akaja Nyati. "Tembo ana mwili, ila mbio hana. Nitazame mimi." Akarudi nyuma hatua thelathini, akaja kasi, akaligonga, pu! Jiwe likainama kidogo, likarudi pale pale. Nyati akakaa kitako, anaona nyota mchana kweupe.

Akaja Nyani na ukoo wake mzima, arobaini kwa hesabu yao. Wakalivamia jiwe. Huyu anasukuma, yule anapumzika. Yule anasukuma, huyu anajikuna. Jiwe likatetemeka tu kama mtu mwenye homa.

"Mama," sauti ikatoka ufani, "maji yamefika magotini."

Mama Pimbi akaegemeza shavu lake kwenye jiwe, akalia. Na hapo hapo akahisi kitu. Jiwe lilikuwa halijatulia. Lilikuwa likibembea, kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni ila shavu linajua. Linakwenda, linarudi. Linakwenda, linarudi. Kila mara lilikwenda umbali mdogo zaidi, lakini mwendo wake haukubadilika, halikuharakisha wala halikuchelewa.

Akafuta machozi. "Mzee Nyani, mkimbembeza mtoto kwenye tawi, mnamsukuma wakati gani?"

"Anapoanza kuondoka," akasema Nyani.

"Na mkimsukuma wakati anakuja?"

"Bembea inakufa, na mtoto ananuna."

"Basi na jiwe ni hivyo hivyo. Lina mwendo wake. Tusigombane nalo, tulifuate. Wekeni mikono, msisukume mpaka niseme."

Akaweka viganja vyake vidogo, akasikiliza, akaanza kuimba:

*Jiwe nenda, twende nawe,*
*jiwe rudi, tunangoja.*

Kwenye *nenda* wakasukuma, kidogo tu. Kwenye *rudi* wakaacha. Nenda, rudi. Nenda, rudi. Nenda, rudi. Sasa hata jicho likaona, jiwe linabembea upana wa kidole. Kisha upana wa kiganja.

Nyati kuona vile, kichwa kikamwasha. "Mmefika mbali, nami nimalizie." Akaja mbio, akaligonga wakati linarudi. Pu! Jiwe likasimama kimya.

"Umeliua, Bwana Nyati," akasema Mama Pimbi.

"Nimeligonga kwa nguvu zote."

"Ndiyo. Ila ulilipiga likiwa linakuja."

"Mama, maji yamefika tumboni. Mdogo wetu tumembeba."

Matone ya kwanza ya mvua mpya yakaanza kudondoka. Mama Pimbi hakuinua sauti. "Bwana Nyati, njoo usimame hapa. Weka pua tu. Nikisema nenda, sukuma kwa pua."

"Kwa pua? Mimi?"

"Kwa pua."

Nyati akatazama kulia, akatazama kushoto, kuona kama mke wake yuko karibu. Akaweka pua.

*Jiwe nenda, twende nawe,*
*jiwe rudi, tunangoja.*

Upana wa kidole. Upana wa kiganja. Upana wa mkono mzima. Jiwe likaanza kuguna kwenye kishimo chake. "Wanangu, rudini nyuma," akaita Mama Pimbi, na wimbo haukukatika. Nenda, rudi. Nenda, rudi. Nenda, na safari hiyo halikurudi. Likapanda ukingo, likapinduka, likashuka mlimani gudu, gudu, gudu, mpaka bondeni.

Maji yakamwagika nje, na watoto pamoja nayo. Mama Pimbi akawahesabu, mmoja, wawili, watatu, wanne. Akawahesabu tena, akamwona wa tano mgongoni kwa kaka yake, amelala usingizi.

Nguvu zilikuwapo tangu asubuhi, wasikilizaji wangu. Tembo alizileta, Nyati alizileta, na Nyani alizileta kwa wingi. Kilichokosekana ni mtu wa kulisikiliza jiwe kwanza. Kila kitu kinachobembea kina mwendo wake, na ukiujua, hata pua inatosha.

Nyati mpaka leo anasimulia kwamba jiwe alilitoa yeye. Kwa nini pua yake imebonyea, hasemi.

Nami ningesaidia kusukuma, ila nilikuwa nimemshikia Tembo kata yake ya maji.

Nimeipokea kwa bibi, nimeiweka mikononi mwenu. Kaeni nayo.